Nilidanganya likelemba ili ning'olewe meno, na mimi ni mgonjwa wa sukari (Kisangani)

Wakuu, salaam kutoka Boyoma, ndiyo Kisangani hiyo hiyo.

Leo naleta yangu, si ya kusimuliwa. Mama Aziza, mke wangu, amekaa hapa karibu na kila mstari anataka nimsomee. Nikiongeza chumvi ataninyang'anya simu, kwa hiyo muwe na amani, mtapata kweli tupu.

Kiswahili changu kitawachekesha walio Dar na Mombasa. Hapa kwetu Kifaransa na Lingala vinakula sahani moja na Kiswahili. Mnivumilie.

Bon.

Mimi ni fundi wa nguo. Mwaka wa ishirini na mbili huu nakaa nyuma ya mashine kwenye hangar, banda la soko, commune ya Kisangani, ukielekea Wagenia. Kanzu za Idi, libaya (blauzi) za wamama, uniforme za harusi, vyote vimepita mikononi mwangu.

Na nina sukari. Mwaka wa saba. Shindano asubuhi, shindano jioni (ndivyo tunavyoita sindano, msicheke). Umeme wetu unakuja unapojisikia, kwa hiyo chupa ya insulini naiweka kwenye frigo ya jirani wa nyumbani mwenye jenereta, ambaye anauza sucré, yaani soda. Dawa ya sukari inalala katikati ya soda. Nimeshazoea kutaniwa.

Mambo yalianza kwenye fizi. Damu nikipiga mswaki, nikasema ni mswaki mgumu. Halafu meno ya mbele yakaanza kucheza. Nikasema ni uzee, na mimi nina miaka arobaini na tisa tu.

Sasa, fundi anakata uzi kwa meno. Mkasi upo mezani lakini mkono umeshazoea kupeleka uzi mdomoni. Siku moja namalizia kanzu ya bwana harusi, nikauma uzi, nikavuta, jino likaja na uzi.

Wallahi, likaning'inia pale kwenye uzi mweupe, na bwana harusi amesimama mbele yangu anasubiri kanzu yake.

Alilipa bila kuomba kupunguziwa bei, akaondoka haraka.

Kesho yake nikapanda toleka, zile baiskeli za abiria, mpaka Makiso mjini kwa daktari wa meno. Docteur ni mwanamke kijana, mpole, lakini akiongea unajua hataki mchezo. Akaniangalia mdomo muda mrefu. Akauliza kama nina ugonjwa wowote, nikasema sukari. Akanichoma kidole: mia mbili na tisini, na nilikuwa sijala.

Akaniambia hivi: "Papa, meno sita lazima yatoke. Ingine tutajaribu kuyaponya. Lakini na sukari hii siwezi kugusa, kidonda hakitafunga. Ishuke chini ya mia mbili, njo urudi."

Halafu akaongeza kwamba kuna usaha chini ya fizi. Ukishuka kwenye mfupa wa taya, au ukiingia kwenye damu, kwa mtu wa sukari ni hatari ya kufa. Hakusema "labda". Akaniandikia antibiotiki, akaandika na bei ya kazi yote: kung'oa, kusafisha fizi, kutengeneza meno ya bandia.

Dola mia tatu na hamsini.

Wakuu, nilikunja ile karatasi mara nne nikaitia mfukoni, na njia nzima ya kurudi nilikuwa naigusa kama vile itapungua.

Kipindi hicho nilikuwa na watoto watatu shuleni. Dola mia tatu na hamsini sikuwa nimezishika mkononi kwa pamoja tangu siku niliyonunua mashine.

Hapo ndipo nilipofanya ujinga wa kwanza. Nilianza kupunguza insulini.

Hesabu yangu ilikuwa hii: chupa moja inakula pesa nyingi kila mwezi, nikipiga nusu, chupa itakaa miezi miwili, na pesa ya mwezi wa pili inakwenda kwenye meno. Nilijiona nina akili! Mama Aziza sikumwambia. Alikuwa anauliza "Umepiga?" nami najibu "Nimepiga," na kweli nilikuwa nimepiga. Nusu.

Na mdomo ulikuwa unauma kiasi kwamba nyama siwezi, samaki wa kukauka siwezi. Nilichoweza ni kilaini tu: lituma, ndizi ile iliyochemshwa ikapondwa, na uji. Mnaojua sukari mnajua vinafanya nini. Nilikuwa napunguza dawa na kuongeza sukari, kisha nashangaa kwa nini naenda chooni kila saa.

Baada ya wiki tatu shavu likavimba. Asubuhi nimeamka jicho la kushoto limefunga nusu. Nikapata baridi na jasho pamoja. Nikakumbuka ule mfupa wa taya, na hapo niliogopa kwelikweli, nikakaa kitandani nimeshika shavu, najiuliza kama usaha unatembea unasikika au hausikiki.

Nikasema hapana, pesa lazima ipatikane mwezi huu.

Pesa ya haraka kwa mtu wa soko ni likelemba. Kwa wasiojua: tuko watu kumi na wawili, mafundi na wamama wanaouza pagne, zile nguo zenu za kitenge. Kila Jumamosi kila mtu anaweka kiasi, na mwisho wa mwezi mtu mmoja anakula yote. Zamu yangu ilikuwa ya kumi. Tulikuwa mwezi wa pili.

Unaweza kuomba kuvuka zamu ukiwa na sababu. Lakini likelemba yetu ina sheria moja: mgonjwa anakula mwisho.

Msione ni ukatili. Kuna papa mmoja aliwahi kula wa kwanza, mwezi wa tatu akafariki. Familia ikasema haijui habari hiyo. Watu kumi na mmoja walilia mara mbili, kwenye matanga na kwenye pesa. Tangu hapo, ukijulikana una presha, sukari, moyo, unawekwa mwisho kabisa.

Ndiyo maana pale sokoni hakuna aliyejua nina sukari. Miaka saba! Nilikuwa najichoma nyumbani tu. Ile soda niliyokuwa nakataa kwenye sherehe, nilisema inanipa gesi.

Donc nikaenda kwa Mama Faida, rais wa likelemba, muuza pagne. Shavu nimelifunika na kitambaa, nikasema nimeumwa na nyuki. Nikamwambia kuna mtu anasafiri anauza surjeteuse, mashine ya kufunga ukingo wa nguo, bei ya kutupa, nikichelewa imeondoka.

Akaniangalia. "Papa Aziza, weye iko na haraka hivi, mashine iko muzima?"

Nikasema iko muzima kabisa.

Jumamosi nikapewa zamu. Watu wakapiga makofi. Papa Augustin peke yake hakupiga. Huyu ni fundi mwenzangu, mtu wa Basoko, mashine yake inatazamana na yangu. Miaka miwili nyuma alinichukulia kazi ya uniforme za harusi moja kubwa, watu sitini, na tangu hapo kati yetu ni bonjour tu. Nilijua anawaza: na surjeteuse huyu atanimaliza.

Nikaweka pesa kwenye soksi, soksi ndani ya mfuko, Jumatatu nikarudi kwa docteur nimejaa kifua.

Akanichoma kidole. Mia tatu na themanini na tano.

"Papa, unapiga dawa?"

Napiga.

"Yote?"

Nikaangalia sakafu. Akasema hawezi, nirudi Alhamisi, na kama shavu likivimba zaidi nisingoje, niende hospitali. Akabadilisha antibiotiki.

Wakuu, fikirieni. Pesa ninayo kwenye soksi. Shavu limevimba. Docteur yupo, kiti kipo, koleo ipo. Na mlango umefungwa na namba.

Basi nikaamua kuikamata hiyo namba kwa nguvu. Ujinga wa pili, na huu ndio karibu uniue.

Jumatano jioni nikamwambia mke wangu kesho nafunga sunna. Alifurahi, masikini. Alhamisi sikula daku, sikunywa kitu. Asubuhi nikapiga insulini: ya asubuhi yote, na ile nusu niliyokuwa nadaiwa na mwili wangu wiki zote hizo, nikaipiga hapo hapo. Nikasema leo lazima ishuke.

Ilishuka.

Kwenye toleka nilianza kutetemeka, nikadhani ni barabara. Kwenye benchi ya kungojea nikaanza kutoka jasho mpaka shati likashika mgongo. Mama mmoja aliyekaa karibu akaniuliza kitu, nilimwona midomo inacheza, maneno hayafiki. Nikataka kumwambia nina sukari. Ulimi ukakataa.

Nilichokumbuka baadaye ni sakafu, na kitu kitamu mdomoni, na docteur amepiga magoti anasema "Meza, papa, meza." Kipimo kilisema arobaini na nane.

Nilipopata akili nilimwuliza kama sasa anaweza kung'oa, kwa sababu iko chini ya mia mbili.

Hakucheka. Alichukua simu yangu akampigia mke wangu.

Mama Aziza alifika na hijabu imegeuka nje ndani. Docteur akamweleza yote, na la nusu-nusu pia, nililokiri pale sakafuni. Mke wangu akairekebisha hijabu kwanza. Aliniuliza kitu kimoja: "Mimi nilikuwa nakuuliza kila siku. Ulikuwa unanijibu nini?"

Hapa anaposikiliza nikisoma mstari huu amegeuza uso.

Nililazwa siku sita hospitali. Dripu, insulini kwa saa, antibiotiki za kwenye mshipa. Daktari wa pale akasema tumewahi, siku chache zaidi ule usaha ungeshuka shingoni. Pesa ya soksi ikaanza kuondoka: kitanda, dawa, vipimo. Nilikuwa nalala pale nahesabu matone ya dripu na kila tone naliona linashuka na pesa yangu.

Nilipotoka sukari ilikuwa mia na sitini. Docteur akang'oa matatu Jumanne, matatu Ijumaa. Hakuuma sana, nasema kweli. Kilichouma ni soksi. Ilibaki pesa ndogo, meno ya bandia hayawezekani, na mimi nina miezi kumi ya kulipa likelemba.

Halafu Jumamosi, Mama Faida akapiga simu kwa furaha: kesho wanakuja kuarrosa mashine.

Hapo nilisahau, wakuu. Kichwani nilikuwa nimepanga kila kitu isipokuwa hilo. Hapa kwetu mtu akila likelemba akanunua kitu, wenzake wanakuja kukiona na kukinywea, ndiyo kuarrosa. Walingoja kwa sababu waliambiwa na mke wangu nimesafiri. Ni desturi ya miaka yote, na mimi mwenyewe nimeimba kwenye frigo za watu, kwenye vitanda vya watu, hata kwenye mlango wa bati.

Nikamwomba mke wangu aseme mashine imekwama bandarini. Akasema, "Mimi sitakusemea uongo ingine. Mudomo ni yako."

Mdomo gani? Umejaa pamba!

Ikafika Jumapili. Saa tisa mchana nikawasikia tangu kwenye kona, wanaimba. Walikuja wote. Kreti moja ya sucré, kreti moja ya bia ya wale wanaokunywa, na Mama Faida amevaa pagne mpya. Mpaka Papa Augustin alikuja, akasimama karibu na mlango.

"Iko wapi? Tuonyeshe!" Wanazungusha macho sebuleni.

Moyo ulikuwa unapiga nikadhani sukari imeshuka tena. Nilisimama. Nikatoa pamba, nikafungua mdomo.

Wimbo ukaisha kipande kipande, wa mbele wakinyamaza kwanza, wa nyuma bado wanaimba.

Nikawaambia, kwa fizi hizo hizo, maneno yanatoka na upepo: hakuna mashine. Nina sukari miaka saba. Pesa yenu iko hapa mdomoni na hospitali. Niliwadanganya kwa sababu mngeniweka mwisho, na mwisho nisingefika.

Fundi mmoja akasema huo ni wizi. Mama mmoja akaanza kulia, sijui kwa ajili yangu au kwa ajili ya pesa yake.

Mama Faida alikaa chini. Akafungua kahiye, daftari la likelemba, kwenye magoti. Hakutukana. Aliuliza tu: "Ukikufa, nani atalipa?"

Niliangalia ndugu zangu wawili waliokuwepo. Wakaangalia viatu. Siwalaumu, wana mizigo yao. Lakini wakuu, kuulizwa hivyo mbele ya watoto wako... Aziza wangu alitoka nje.

Ndipo sauti ikatoka mlangoni.

"Mimi."

Papa Augustin.

Watu wote wakageuka. Mama Faida akamwuliza kama amesikia vizuri swali.

"Nimesikia. Akikufa, wateja yake yote watakuja kwangu. Nitapata na ya kulipa. Andika jina yangu."

Palilipuka kicheko mpaka jirani wa frigo akaja kuchungulia. Mimi pia nilicheka, damu ikanitoka, nikarudisha pamba. Mama Faida peke yake hakucheka. Aliandika jina, akampa kalamu aweke sahihi. Akaongeza sharti: kila Jumamosi nije na carnet ya sukari, kile kijitabu cha vipimo, aisome yeye mwenyewe kabla ya kupokea pesa yangu.

Nilikasirika, siwafichi. Mwanaume mzima nakaguliwa sukari sokoni kati ya mabunda ya pagne! Lakini ningesema nini?

Na Papa Augustin hakusubiri Jumamosi. Kuanzia Jumatatu, kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu, simu inalia ujumbe: "Uko muzima? Ulipiga?" Wiki ya kwanza nilimjibu kwa hasira, "Nimepiga, usiogope pesa yako." Akajibu, "Yote?"

Mke wangu alicheka siku nzima.

Meno je? Kuna mkuu mmoja atauliza, namjua. Nilirudi kwa docteur nikamwambia pesa imeisha, lakini mikono ninayo. Nikamwona yeye na wasaidizi wake blouse zao za kazi zimechoka, kola zimechanika. Nikamshonea nane, nyeupe, zenye mifuko mikubwa. Akazihesabu kama sehemu ya bei, iliyobaki nikailipa kidogo kidogo kwa miezi mitano. Sikujua kama daktari anaweza kukubali hivyo. Kumbe sikuwa nimeuliza! Karatasi ya bei niliikunja nikakimbia nayo kama hukumu.

Sasa nina meno, ninauma hata makayabu, samaki wa chumvi. Uzi nakata na mkasi.

Nilichojifunza ni hiki, na nakisema kwa uchungu. Usipunguze dawa yako ulipie matibabu mengine, utalipa yote mawili halafu uongezee hospitali. Fizi ikitoa damu na wewe una sukari, nenda siku hiyo hiyo, wakati bado ni bei ya kusafisha. Na docteur mwambie hali yako ya mwili na ya mfuko, vyote viwili. Mimi nilificha sukari sokoni, nikaficha dawa nyumbani, nikaficha mfuko kwa daktari. Nilikaribia kuzikwa na siri zangu zote zikiwa nzima.

Hofu haijaisha, nisiwadanganye. Kila nikihisi kitu kwenye fizi bado nashika shavu.

Jumamosi iliyopita niliweka mchango wangu wa mwisho. Mama Faida akakata mstari kwenye jina langu, na chini yake akakata jina la Papa Augustin. Akamwambia, "Uko huru." Akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye mashine yake. Nilimshukuru, akasema niache kelele, ana nguo za kumaliza.

Jumapili asubuhi nikaamka mapema. Hakuna anayemdai mtu chochote tena. Nikachukua simu nione saa.

"Uko muzima? Ulipiga?"

Nikajibu: "Yote."

Haya wakuu, uwanja ni wenu. Mnaotaka kunisema, nisemeni, nimestahili. Na wewe unayejichoma kwa kujificha, tuambie hapa: asubuhi ni nani anayekuuliza?